MOSHI WA JIRANI NA MVUA YA MASKINI

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, ambaye kwa amri yake pepo huvuma, na mawingu hukusanyika, na ardhi iliyokufa huhuika. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu, liko neno lisemwalo sana kila mvua zinapokawia, nalo husemwa misikitini na barazani na sokoni, hata limekuwa kama neno lisilohitaji dalili. Watu husikia kwamba nchi fulani imepatwa na ukame, mifugo imekufa na watoto wana njaa. Na papo hapo mmoja wao hutikisa kichwa akasema: Hao wamezidi madhambi, ndipo Mungu akawanyima mvua. Husema hivyo naye ameketi kivulini, na maji yamo mtungini mwake. Na wasikiao hunyamaza, kwa kuwa neno lenyewe limevikwa nguo ya dini.

Katika kijitabu hiki twataka kulipima neno hilo kwa mizani ya dini na kwa mizani ya elimu, tuone kama lasimama. Wala hatukatai kwamba madhambi ya watu huleta balaa. Hilo limo katika Kitabu, wala halina mjadala. Tunaloliuliza ni hili: dhambi ni ya nani, na balaa limemwangukia nani? Kwani imebainika leo, kwa uchunguzi ulioanza zaidi ya miaka mia iliyopita, kwamba watu wa nchi moja waweza kuwasha mioto yao, na watu wa nchi nyingine walio mbali nao maelfu ya maili wakapungukiwa na mvua kwa sababu ya moshi ule. Basi anayemhukumu mwenye kiu kabla ya kuijua khabari hii, yuko khatarini kumtwika aliyedhulumiwa dhambi ya aliyemdhulumu.

TONE LA MVUA NA CHEMBE ILIYO NDANI YAKE

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuyatazame mawingu. Katika Sura ya Nur, aya ya 43, atueleza namna ayaendeshavyo, na ayakutanishavyo, na ayarundikavyo, hata mvua ikaonekana yatoka kati yake. Na katika Sura ya Hijr, aya ya 22, amezitaja pepo kuwa ni zenye kupandisha, kama mwenye mtende apandishavyo mtende wake ili uzae. Hatusemi kwamba Qur'ani imeteremshwa ili iwe kitabu cha elimu ya hewa, wala hatuipendi desturi ya wale ambao kila lipatikanapo jambo jipya huikimbilia aya, wakaivuta hata ikalifikia. Lakini twasema kwamba aliyeamrishwa kutazama, naye akakataa kutazama, huyo ameiacha amri.

Basi na tutazame. Jua liwakapo juu ya bahari, maji hupanda yakawa mvuke, na mvuke hauonekani kwa macho. Ufikapo juu hukuta baridi, ukarejea kuwa maji. Watu wengi hudhani kwamba baridi peke yake yatosha kuufanya mvuke kuwa wingu. Sivyo. Mvuke wataka kitu cha kushika, kama vile umande wa alfajiri ushikavyo jani la mgomba. Na huko angani kitu hicho ni chembe ndogo mno ya vumbi, au ya chumvi iliyorushwa na mawimbi, au ya moshi.

Jambo hili lilidhihirishwa na Coulier wa Ufaransa mwaka 1875, na baada yake na John Aitken wa Scotland mwaka 1880. Aitken alitwaa vyombo viwili vya kioo. Katika kimoja alitia hewa kama ilivyo, na katika cha pili alitia hewa iliyopitishwa kwanza katika pamba, hata ikatakasika vumbi lake. Kisha akavitia vyote viwili mvuke wa maji ya moto. Chombo cha kwanza kilijaa ukungu mweupe mzito. Na cha pili kilibaki safi, ingawa mvuke uliokuwamo ndani yake ni sawa na wa mwenziwe. Hapo ikajulikana kwamba pasipo vumbi hapana wingu kama hili tulijualo, na pasipo wingu hapana mvua.

Chembe hizo ni ndogo mno; nyingi hazifiki sehemu 1 katika 1,000 ya milimita. Na tone la wingu lenyewe ni dogo sana, hata hulazimu matone kiasi cha milioni 1 yagongane na kuungana ndipo lipatikane tone moja la mvua.

Tafakari, ewe ndugu. Vumbi hili tulikung'utalo miguuni tuingiapo msikitini, ambalo Sheria imelifanya badali ya maji kwa mwenye kutayamamu, ndilo lililowekwa ndani ya tone la maji tangu mwanzo wake. Kila tone ulinywalo la mvua lilianza kwa chembe. Wala chembe hizo hazikai mahali pamoja. Vumbi la Sahara huvuka Bahari ya Atlantiki kila mwaka kwa mamilioni ya tani, na sehemu yake huiangukia misitu ya Amazon katika Amerika ya Kusini, ikairutubisha kwa fosfori. Upepo haujui mpaka wala forodha.

KILA KITU KWA KIPIMO

Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba ameumba kila kitu kwa kipimo, na kwamba maji ya mbinguni ameyateremsha kwa kipimo. Na kipimo kikivunjwa, neema hugeuka. Mama mwenye nyumba akiwa na sinia moja ya wali na wageni kumi, kila mgeni atashiba. Wakija wageni mia tano kwa sinia ile ile, kila mmoja atapata punje chache, na hakuna atakayeshiba. Ndivyo ilivyo katika wingu. Mvuke ni ule ule. Zikiwa chembe ni za kiasi, kila chembe hupata maji ya kutosha, na matone huwa makubwa, yakagongana na kuanguka. Lakini ukipanda moshi mwingi, chembe zikawa nyingi kupita kiasi, maji yale yale hugawanyika katika matone madogo madogo yasiyo na uzito. Hayo huelea, na wingu hupita juu ya shamba bila ya kutoa kitu. Si kila wingu hutendwa vivyo hivyo, kwani mawingu yana tabia mbali mbali; lakini kwa mawingu mengi ndiyo khabari yake. Mwaka 1999 Daniel Rosenfeld alionyesha, kwa vipimo vya satelaiti, namna moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua katika Indonesia ulivyozuia mvua katika mawingu yaliyoingiwa na moshi ule, hali mawingu ya karibu yaliyosalimika yakinyesha.

Tena kuna jambo la pili. Wingu lenye matone mengi madogo huwa jeupe zaidi, likaurudisha mwanga wa jua juu. Jambo hili lilielezwa na Sean Twomey mwaka 1974. Na hata pasipo wingu, chembe zenyewe huurudisha mwanga. Mwezi Juni 1991 mlima wa moto wa Pinatubo katika nchi ya Ufilipino ulipasuka, ukarusha juu sana angani hewa ya salfa mamilioni ya tani. Salfa ndiyo wazee wetu waliyoiita kibiriti upele. Mwaka uliofuata dunia yote ikapoa kwa kiasi cha nusu ya digrii. Mlima mmoja, katika kisiwa kimoja, ulibadili joto la dunia nzima. Basi itakuwaje wanadamu wakijenga dohani maelfu kwa maelfu, zikatoa salfa hiyo hiyo usiku na mchana kwa miaka mingi?

KHABARI YA WATU WA SAHEL

Kusini ya Jangwa la Sahara, toka Senegal na Mauritania, kupita Mali na Burkina Faso, hata Niger na Chad, uko ukanda wa nchi uitwao Sahel. Jina hilo ni la Kiarabu, maana yake ni pwani. Nalo latoka katika asili ile ile ambayo kwayo sisi twaitwa Waswahili. Sisi tu watu wa pwani ya maji, na wao ni watu wa pwani ya mchanga. Wengi wao ni Waislamu, na miji yao kama Timbuktu ilikuwa nyumba ya vitabu na wanavyuoni karne nyingi zilizopita.

Mvua yao ni ya msimu mmoja tu, baina ya Juni na Septemba, wakati ukanda mkubwa wa mvua unapolifuata jua upande wa kaskazini. Nao wako ukingoni mwa ukanda huo. Ukipunguza mwendo wake kidogo tu, wao ndio wa kwanza kukosa.

Tangu mwisho wa miaka ya 1960 mvua hizo zilianza kupunguka. Mwaka 1972 na 1973 visima vilikauka, makundi ya ng'ombe na ngamia yakaangamia, wafugaji wakaingia mijini na mikono mitupu, na watu wapatao laki 1 wakadiriwa kufa katika miaka ile. Mwaka 1983 na 1984 ukame ulirudi kwa ukali. Ziwa Chad, ambalo mwaka 1963 lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 25,000, lilinywea hata halikubakia ila sehemu ndogo yake, ingawa maji yaliyochotwa kwa ajili ya mashamba nayo yana sehemu katika hilo.

Na watu hawa walishitakiwa mara mbili. Wako waliosema: Ni madhambi yao. Na wako waliosema: Ni ujinga wao. Kwani mwaka 1975 Jule Charney, bingwa wa elimu ya hewa wa Marekani, alitoa hoja kwamba mifugo ikila majani yote, ardhi hubaki tupu na nyeupe, ikaurudisha mwanga wa jua, na hewa iliyo juu yake hushuka badala ya kupanda, mvua ikapunguka. Hoja ile haikukosa sehemu ya kweli. Lakini wengi walioisikia waliigeuza kuwa hukumu, wakasema kwamba mfugaji maskini, kwa mbuzi wake na ng'ombe wake, ndiye aliyejiletea ukame kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka ikapita, na elimu ikaendelea. Mwaka 2003 Alessandra Giannini na wenziwe walionyesha kwamba joto la bahari ndilo liongozalo zaidi mvua ya Sahel, kuliko malisho ya wanyama. Na mwaka mmoja kabla yake, 2002, Leon Rotstayn na Ulrike Lohmann walikuwa wameonyesha, kwa hesabu za mashine, jambo jingine zito. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, viwanda vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini vilichoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi usiopata kuonekana. Salfa iliyotoka katika dohani zao iligeuka kuwa chembe nyeupe, ikatanda juu ya nchi zao na juu ya Bahari ya Atlantiki ya kaskazini, ikayafanya mawingu kuwa meupe zaidi, na nusu ya kaskazini ya dunia ikapoa kuliko nusu ya kusini. Na ukanda wa mvua una tabia ya kuvutwa na upande wenye joto. Basi ukabaki kusini, usifike ulikozoea kufika. Huyu alikuwa akiendesha kiwanda chake mbali huko; na yule, ng'ambo ya bahari na jangwa, alikuwa akitazama mawingu yasiyokuja.

Hatusemi kwamba moshi ndio sababu ya pekee. Bahari ina mageuko yake yenyewe, na wanavyuoni wangali wakijadiliana kadiri ya kila sababu. Lakini kwamba moshi ulikuwa na sehemu, dalili zake ni nyingi. Na kwamba mbuzi wa maskini hakustahili lawama yote aliyotupiwa, hilo limethubutu.

Mwaka 1979 dola za Ulaya, pamoja na Marekani na Canada, zilifanya mkataba mjini Geneva wa kuzuia moshi uvukao mipaka. Zilisukumwa khasa na mvua yenye tindikali, iliyokuwa ikiua samaki katika maziwa ya Sweden na Norway na kuharibu misitu. Tangu hapo salfa itokayo katika nchi zile imepunguka zaidi ya robo tatu. Na tangu miaka ya 1990 mvua ya Sahel imerejea kwa sehemu, ingawa haina utulivu, na ingawa joto la dunia lizidilo nalo latajwa miongoni mwa sababu za kurejea kwake. Basi wao walitaka kuwaokoa samaki wao, na huenda wakawapunguzia kiu watu ambao hawakuwamo katika hesabu yao. Ikiwa kheri isiyokusudiwa yaweza kufika mbali hivyo, na shari isiyokusudiwa vivyo hivyo.

TUSIISOME MBINGU KWA DHANA

Sasa turudi katika neno tulilolianza. Siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema kwamba limepatwa kwa kifo chake. Mtume akawakataza, akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa sababu ya kufa mtu wala kuishi kwake. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Neno lile la watu lilikuwa la kumtukuza yeye na nyumba yake, na juu ya hivyo hakuliridhia. Basi ikiwa hakuridhia mbingu isomwe kwa dhana ili kumtukuza mwanawe, ataridhiaje isomwe kwa dhana ili kuwatukana wenye njaa?

Na lau mtu atasema: Je, haikupokewa na Ibn Majah kwamba watu wakizuia zaka huzuiliwa mvua? Twamjibu: Ndiyo, imepokewa, nasi twaikubali. Lakini hadithi hiyo yatuonya sisi na zaka zetu. Haikutupa ukadhi wa kuwahukumu watu wa mbali tusiozijua sala zao wala sadaka zao. Anayeisikia akaanza kuhesabu madhambi ya wengine, huyo ameishika kwa upande usio na mpini.

Tazameni mwendo wa Sayyidna Umar bin Khattab (Mungu amwie radhi). Mwaka wa 18 wa Hijra Bara Arabu ilipatwa na ukame mkubwa, hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Ramada, kwa kuwa ardhi ilikuwa kama majivu, na upepo ukirusha vumbi mfano wa majivu. Umar hakusimama juu ya mimbari akawaambia wenye njaa kwamba wamezidi dhambi. Alijizuia samli na nyama hata watu wapate. Akamwandikia Amr bin al-As amletee chakula. Akatoka na Abbas, ami yake Mtume, kuomba mvua. Na yapokewa kwamba usiku alikuwa akimlilia Mola wake umma usiangamie mikononi mwake. Kiongozi mwadilifu, alipokosa mvua, alijitazama yeye kwanza.

HUKUMU YA MOSHI

Huenda mtu akasema: Moshi ni jambo la wenye viwanda na dola zao, dini yaingiaje? Twamjibu kwamba dini iliingia zamani. Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu thaumu kibichi asikaribie msikiti, kwa kuwa harufu yake huwaudhi wengine. Hiyo ni harufu ya mlo wa halali, wa mtu mmoja, kwa saa chache. Basi iweje hali ya moshi uuao?

Na mafakihi wa madhehebu ya Malik, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa Sahel, waliuhesabu moshi wa hamamu na wa tanuri miongoni mwa madhara ambayo jirani ana haki ya kuondolewa. Ibn al-Rami, fundi mjenzi wa Tunis katika karne ya 14, aliyeitwa na makadhi kwenda kutazama kuta na majumba yenye ugomvi, aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake cha hukumu za majengo. Asili ya yote ni kauli ya Mtume iliyokataza mtu kudhuru na watu kudhuriana. Siku zile jirani alikuwa aliye nyuma ya ukuta. Leo tumejua kwamba ujirani wa moshi hauna ukuta. Basi na haki ya jirani imefika ulikofika moshi.

Na katika Bukhari uko mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini, kwa kutaka maji, wakaona watoboe sehemu yao ili wasiwasumbue wa juu. Mtume akabainisha kwamba wakiachwa wote wataangamia, na wakishikwa mikono wote wataokoka. Katika zama zetu mfano umegeuka: walio juu ndio watoboao, na maji huwaingilia kwanza walio chini.

NA SISI JE?

Mwenye kusoma haya asije akastarehe, akasema: Alhamdulillahi, kosa ni la wazungu. Moshi hauulizi dini ya auwashaye. Upepo wa kaskazi, uliowaleta mababu zetu na majahazi yao, ndio huo huo ambao toka Januari hata Machi 1999 wanavyuoni wa India, Ulaya na Marekani, wakiwa na kituo katika visiwa vya Maldives, waliuona umebeba utando wa moshi juu ya Bahari ya Hindi. Utando ule ulitoka majikoni, viwandani, magarini na mashambani mwa Asia ya Kusini, ukapunguza mwanga wa jua ufikao baharini, pengine hata kwa asilimia 10. Na katika nchi hizo wamo Waislamu mamilioni.

Na Afrika yetu je? Zaidi ya nusu ya ardhi iunguayo duniani kila mwaka ni ya Afrika, na mioto mingi huwashwa na mikono ya watu: huyu asafisha shamba, yule atafuta majani mabichi ya mifugo, na mwingine awinda. Moto ukishawashwa haumjui bwana wake.

Kisha ingia jikoni. Mafiga matatu, kuni mbichi, dirisha dogo au hapana dirisha. Mama ameinama apuliza, mtoto yu mgongoni, na ukuta mweusi kwa masizi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa moshi wa majumbani, na miongoni mwao watoto walio chini ya miaka 5 ni zaidi ya 237,000. Masizi yale yale yauayo ndani ya nyumba ndiyo yapandayo yakaingia mawinguni. Sisi hufundishwa kwamba kuondoa kidhurucho njiani ni tawi la imani. Basi kukiondoa kifuani mwa mke na mtoto ni kwa haki zaidi.

SHUBHA NA JAWABU YAKE

Iko shubha moja ambayo hatuna budi kuijibu, kwa kuwa huletwa na watu wenye akili. Husema: Mmekiri kwamba moshi huipoza dunia. Na dunia sasa yazidi joto. Basi si heri moshi ubaki?

Ni kweli kwamba moshi umeficha sehemu ya joto. Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabia ya nchi lilikadiria mwaka 2021 kwamba chembe za moshi na mfano wake zimepunguza joto kwa kiasi kilicho baina ya digrii 0.0 na 0.8. Na kila tuusafishapo moshi, joto lililofichwa hudhihirika. Kwa hiyo hata sheria njema ya meli, iliyoteremsha salfa katika mafuta yao toka asilimia 3.5 hata 0.5 tangu Januari 2020, yachunguzwa kwa upande huo. Lakini chembe za moshi wa dohani huanguka kwa siku chache au wiki, na hewa ya ukaa iletayo joto hudumu angani karne nyingi. Anayetegemea moshi ufunike joto ni mfano wa mdaiwa wa riba alipaye deni kwa kukopa kwingine. Kila asubuhi deni lake limezidi. Na mafakihi wameweka kanuni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Wako pia wanaosema salfa irushwe kwa makusudi juu ya anga, kama ulivyofanya mlima wa Pinatubo. Mwaka 2013 Jim Haywood na wenziwe wa Uingereza walionyesha kwa hesabu zao kwamba ikirushwa upande wa kaskazini peke yake, yaweza kuleta ukame katika Sahel. Basi aliyechomwa jana ndiye atakayechomwa kesho, naye hajaulizwa. Dawa ni moja: kuupunguza moto wenyewe, moshi wake na hewa yake ya ukaa pamoja.

YATUPASAYO

Kwanza, tuzuie ndimi zetu. Tukisikia khabari ya ukame, tuanze kwa dua, na sadaka, na kuuliza sababu. Tusianze kwa hukumu.

Pili, mwenye shamba asiwashe moto ila kwa haja, na penye njia ya kulima bila ya kuchoma aifuate.

Tatu, mwenye uwezo aitengeneze jiko la nyumbani kwake kabla ya kuipamba sebule: kuni kavu, dirisha pana, jiko lisilotoa moshi mwingi, au gesi na umeme kwa aliyejaaliwa. Na mwenye zaida amsaidie jirani, kwani hiyo ni sadaka ipumuliwayo usiku na mchana.

Nne, wenye mamlaka na wenye viwanda waambiwe haki kwa adabu na bila ya khofu, kwamba mwenye dohani ataulizwa juu ya moshi wake, na wasiofahamu Kiswahili chake ni miongoni mwa wadai wake siku ya Kiyama.

Tano, tuswalipo sala ya kuomba mvua tusiombe kwa shamba letu tu. Twasoma kwamba Nabii Nuhu aliwaita watu wake kwenye istighfari, na kwayo akawaahidi mvua. Lakini istighfari haitimii kwa ulimi hali mkono ungali ukichochea moto ule ule; na aliyewadhulumu watu hana budi kuwarudishia haki yao.

Ewe Mola wetu, Mwenye pepo na mawingu, wanyeshee waja wako walio na kiu, wa pwani ya maji na wa pwani ya mchanga, mvua ya manufaa isiyo na gharika. Tusamehe moshi tulioupandisha nasi hatujui, na utupe tawfiki ya kuuzuia baada ya kujua. Wala usitufanye wenye kumlaumu aliyedhulumiwa. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amin.